Namna ya kuikagua kasino ya kripto kabla hujatuma fedha

Mtu anayeweka fedha kwenye kasino ya mtandaoni kwa M-Pesa na yule anayeweka kwa sarafu za kripto hawako katika hali moja, hata kama wanacheza mchezo uleule. Wa kwanza, ikiwa kampuni ina leseni ya nchini, anao milango ya kugonga mambo yakiharibika: mtandao wa simu, kampuni yenyewe na mdhibiti aliyeipa leseni. Wa pili ametuma USDT (sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola) kwenye anwani ndefu ya herufi na tarakimu isiyotaja jina la mtu, na muamala ukishathibitishwa kwenye blokicheni, yaani daftari la pamoja la kidijitali la miamala, hakuna benki wala wakala anayeweza kuurudisha. Ushauri wangu wa kwanza, nao ndio nilio na uhakika nao zaidi, ni kutozikaribia kabisa kasino za kripto zisizo na leseni. Yanayofuata ni kwa ajili ya mtu aliyekwisha kushawishika, au aliyetumiwa kiungo na rafiki na bado hajaamua.

Anza na leseni, na ujiulize swali moja tu: nikidhulumiwa, nitamlalamikia nani? Tanzania Bara, mwenye mamlaka ya kutoa leseni hizo ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003. Kenya ilitunga sheria mpya ya kudhibiti kamari mwaka 2025, ikachukua nafasi ya ile ya mwaka 1966. Shuka hadi chini kabisa ya ukurasa wa kasino, unakili jina la kampuni inayoimiliki pamoja na namba ya leseni, kisha ufungue tovuti ya mdhibiti kwa kuandika anwani yake mwenyewe, wala si kwa kubofya nembo iliyowekwa na kasino. Tafuta jina la kampuni, kwa sababu jina la biashara linaweza kubuniwa leo na kubadilishwa kesho. Nembo ya mdhibiti iliyobandikwa kwenye ukurasa ni picha tu, na picha hunakiliwa kwa sekunde chache. Ikiwa ukurasa hautaji kampuni yoyote, usiendelee.

Kasino nyingi za kripto zitakuonyesha leseni ya ng'ambo, na hapa ndipo wengi hupotea. Kwa miaka mingi kisiwa cha Curaçao, katika Karibi, kilikuwa na kampuni chache tu zenye leseni kuu, nazo ziliwagawia wengine leseni ndogo zenye namba zilizo na herufi JAZ. Sheria mpya iliyoanza kutumika Desemba 2024 iliuondoa utaratibu huo, na sasa leseni hutolewa moja kwa moja na mamlaka ya kisiwa. Tovuti ambayo bado inajitambulisha kwa namba ya zamani ya JAZ peke yake haistahili kuaminiwa. Nyingine hudai leseni ya Anjouan, ambacho ndicho kisiwa cha Nzwani cha Komoro, jirani yetu wa pwani. Ukaribu huo usikupe faraja: Benki Kuu ya Komoro imekwisha kuonya hadharani kwamba haizitambui benki zinazodai kusajiliwa huko. Onyo hilo linahusu benki wala si michezo, lakini linatosha kukufanya usiridhike na karatasi yenye jina la kisiwa hicho. Hata leseni ya ng'ambo iliyo halali haiipi kampuni ruhusa ya kuendesha kamari Dar es Salaam au Mombasa, na mdhibiti wa kwenu hana njia rahisi ya kuiita mezani kampuni ambayo hakuwahi kuipa kibali.

Kuhusu sarafu zenyewe, Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza Novemba 2019 kwamba sarafu za kidijitali si fedha halali nchini. Mwaka 2024 Serikali iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, na wapo waliolipokea hilo kama idhini. Kutozwa kodi si kulindwa. Hakuna mfuko wa fidia utakaokurudishia USDT ulizozipoteza kwenye kasino.

Hatua inayofuata ni kuyasoma masharti, na uanze na sehemu ya kutoa fedha kabla ya kusoma ile ya kuweka. Tazama orodha ya nchi zisizoruhusiwa. Mtego unaojirudia ni huu: kasino inapokea fedha zako bila kuuliza jina, unacheza wiki mbili, na siku unayoomba kutoa ushindi ndipo inapodai pasipoti, picha ya uso na uthibitisho wa makazi, kisha inakuarifu kwamba nchi yako haikuruhusiwa au kwamba ulitumia VPN (programu ya kuficha mahali ulipo mtandaoni), hivyo salio limefutwa. Ukituma kitambulisho chako cha NIDA kwa watu usiowajua, umeongeza hasara juu ya hasara, kwa maana picha hiyo inaweza kutumika kufungua akaunti nyingine kwa jina lako.

Bonasi ipigie hesabu kwa kalamu. Tuseme umeweka USDT 100 na umepewa bonasi ya USDT 100 kwa sharti la kuizungusha mara 40. Ni lazima uweke madau ya jumla ya USDT 4,000 kabla ya kuruhusiwa kutoa chochote. Kama mchezo unaipa kasino faida ya asilimia 4 kwa kila dau, hasara yako ya wastani katika mzunguko huo ni USDT 160, yaani zaidi ya bonasi yenyewe. Sharti likihesabiwa kwa bonasi pamoja na amana, madau yanafika USDT 8,000 na hasara ya wastani inakuwa USDT 320, ambayo hata hukuwa nayo.

Kasino hizi hujivunia pia michezo ambayo haki yake inaweza kuthibitishwa. Kabla ya mchezo, kasino inakuonyesha hashi, ambayo ni alama ya kihesabu ya namba yake ya siri. Mchezo ukiisha inaifichua namba hiyo, nawe unahakikisha kwamba inazaa alama ileile. Utaratibu huo ni wa kweli na una manufaa, ila unathibitisha jambo dogo tu, kwamba matokeo hayakubadilishwa baada ya dau lako kuwekwa. Hauonyeshi kama kasino ina fedha za kukulipa, wala kama inakusudia kukulipa.

Ulinzi wa pochi yako, yaani programu unayotunzia sarafu, usiuache mikononi mwa mtu mwingine. Yale maneno 12 au 24 ya kurejesha pochi hayaandikwi kwenye tovuti yoyote wala hayatumwi kwa mhudumu yeyote. Tovuti ikikutaka uunganishe pochi na kuidhinisha matumizi ya tokeni (sarafu zilizomo) bila kikomo, kataa, kwani idhini hiyo inaweza kutumiwa kukomba salio lote ukiwa umelala. Na usidhani ukubwa wa kasino ni kinga: Septemba 2023 wadukuzi waliiba takriban dola milioni 41 kutoka Stake, mojawapo ya kasino kubwa za kripto duniani, na FBI ilisema waliohusika ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Kampuni hiyo ilisema fedha za wateja zilikuwa salama. Tovuti ndogo isiyo na mwenyewe ikiibiwa, au ikidai kuibiwa, hutakuwa na wa kumuuliza.

Watu wengi hushauri kujaribu kwanza kwa kiasi kidogo na kukitoa. Ni busara, lakini matapeli wanalijua jaribio hilo na hulipa dola 10 kwa furaha ili uweke 1,000. Dalili iliyo wazi zaidi ni kudaiwa fedha ili upewe fedha: ada ya uhakiki, kodi ya ushindi, amana ya kufungulia akaunti. Ukidaiwa hivyo, usitume tena hata kama salio kwenye skrini linasoma maelfu, kwa kuwa namba hiyo wameiandika wao.

Ikiwa umekwisha kudhulumiwa, piga picha za skrini za akaunti na mazungumzo yote kabla hawajakufungia. Nakili namba ya utambulisho ya kila muamala, anwani uliyoitumia, jina la mtandao wa blokicheni kama Tron au Ethereum, tarehe na saa, kisha ufute idhini zote ulizotoa kwenye pochi na kuhamishia salio lililobaki kwenye pochi mpya. Peleka maelezo hayo polisi, na pia kwa soko ulikonunulia sarafu, mapema iwezekanavyo: kampuni ya Tether, inayotoa USDT, ina uwezo wa kuzifungia USDT zilizoko kwenye anwani fulani na imewahi kufanya hivyo kwa maombi ya vyombo vya dola, lakini sarafu zikishabadilishwa au kupitishwa kwenye anwani nyingi, nafasi hiyo hupungua haraka. Baada ya hapo huenda ukapokea ujumbe kutoka kwa mtu anayejiita mtaalamu wa kurejesha kripto, anayejua hata kiasi ulichopoteza, akiomba malipo ya awali. Usimlipe. Mara nyingi taarifa zako amezipata kwa walewale waliokuibia, au yeye ni mmoja wao.