Kuanza shajara: daftari, faili na mistari sita kila usiku

Kwa shajara ya kwanza, nunua daftari la kawaida la shule lenye kurasa 96. Ukijaza ukurasa mmoja kwa siku, litakwisha baada ya miezi mitatu na siku chache, na mtu aliyemaliza daftari la kwanza hununua la pili bila kushawishiwa. Yale madaftari mazito ya jalada gumu, ya kurasa 192 au 288, ni mazuri na yanadumu, lakini humtisha anayeanza. Anaziona zile kurasa nyeupe, anaogopa kuzichafua kwa mwandiko mbovu na habari ndogondogo, kisha analiweka kabatini akisubiri jambo kubwa la kuandika. Habari ndogondogo ndiyo shajara yenyewe.

Kabla ya kulipa, lifungue katikati. Madaftari mengi ya bei nafuu yamebanwa kwa pini mbili. Pini hizo hushika kutu, hasa kwa anayekaa karibu na ziwa, kama Entebbe, Jinja au visiwa vya Ssese, na kutu ikila karatasi, ile ya katikati huchomoka na kurasa nne kwa mpigo. Ukipata lililoshonwa kwa uzi, ongeza hela kidogo ulichukue. Pima karatasi pia: andika neno moja nyuma kabisa kwa kalamu utakayotumia, kisha geuza. Wino ukipenya upande wa pili, utalazimika kuandika upande mmoja tu.

Kalamu nzuri kwa kazi hii ni ile ya kawaida ya bic, kwa kuwa wino wake ni wa mafuta. Chai ikimwagika, maandishi yanabaki. Kalamu za jeli zinateleza vizuri mkononi, lakini nyingi zina wino wa maji, na tone la mvua linaweza kuharibu sentensi. Penseli nayo haipauki hata baada ya miaka, ila hufutika kwa kusuguana.

Nyumbani, kabla hujaandika habari yoyote, toa nusu saa ulitayarishe daftari. Lifunike kwa karatasi ya kaki kama vitabu vya watoto wa shule. Weka namba kwenye kila ukurasa, pembeni juu. Kurasa nne za mwanzo ziache tupu; hapo ndipo utakapoandika yaliyomo, mstari mmoja mmoja: "uk. 17, ugonjwa wa baba", "uk. 31, kiwanja". Wengi hupuuza hatua hii, halafu baada ya miaka miwili wanapekua madaftari sita wakitafuta siku waliyomlipa fundi. Acha pia nafasi ya vidole viwili upande wa kushoto. Huko utaongeza neno siku nyingine, kwa tarehe ya siku hiyo, bila kugusa ulichoandika mwanzo.

Kichwa cha kila siku kiwe na siku, tarehe, mwaka na mahali. Mwaka ndio unaosahaulika zaidi. Kuhusu saa, kuwa mwangalifu: katika Kiswahili, kama ilivyo katika Kiluganda, tunahesabu kuanzia alfajiri, na simu inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukiandika "8:00" peke yake, baadaye hutajua kama ni saa 2 asubuhi, saa 2 usiku au saa 8 mchana. Andika saa kwa maneno yake yote.

Sasa, nini cha kuandika. Hapa ndipo wengi hukwama, kwa sababu wanaandika hukumu ya siku na kuiacha siku yenyewe. Tazama mfano huu:

"Leo siku ilikuwa ngumu. Nimechoka sana. Mungu atusaidie."

Hayo ni ya kweli, lakini yanaweza kuwa ya mtu yeyote, siku yoyote. Mwenye kuyasoma mwakani hatakumbuka lolote. Linganisha na haya:

"Jumanne 14 Aprili 2026, Busia. Mvua tangu saa 11 alfajiri. Shangazi amekuja na mkungu wa matoke, ameuweka mlangoni, hakuingia. Nimemkaribisha mara tatu. Akasema 'nitarudi' akiwa ameshageuka. Amevaa viatu vipya vya bluu. Sikumuuliza habari za shamba, na sijui kwa nini."

Mistari sita hivi, dakika kumi. Hakuna mahali palipoandikwa "nina huzuni", lakini anayesoma anajua kuna jambo kati ya watu hawa wawili, na mwandishi mwenyewe akirudi baada ya miaka kumi ataiona ile mvua. Ukikosa pa kuanzia, jiulize: leo nimeona nini kwa macho yangu? Nani alisema nini, kwa maneno yake? Ni jambo gani limebaki bila kujibiwa? Jibu moja kati ya hayo linatosha kwa usiku mmoja.

Maneno ya mtu yaandike kwa lugha aliyoyasema. Jirani akisema kwa Kiluganda, Ateso au Lugbara, yaache hivyohivyo. Uchungu wa mama au mzaha wa kondakta ukitafsiriwa hupungua. Na andika bei: kilo ya sukari, nauli ya boda kutoka stendi hadi nyumbani, karo ya muhula. Leo zinaonekana hazina maana, ila hizo ndizo utakazozisoma kwa mshangao zaidi. Ham Mukasa, aliyefuatana na Apolo Kagwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, kwenda Uingereza mwaka 1902 kwa sherehe za kutawazwa Mfalme Edward VII, aliandika habari za safari hiyo, zikatoka kitabu mwaka 1904. Zinasomeka mpaka leo kwa sababu aliandika vitu alivyoviona, kimoja kimoja.

Muda wa kuandika ufunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: baada ya chakula cha usiku, au baada ya vyombo kuoshwa. "Nitaandika nikipata nafasi" ni ahadi inayovunjika wiki ya kwanza. Usiandike ukiwa umeshalala kitandani, usingizi utakushinda kwenye mstari wa pili. Na ukiruka siku, usilipe deni. Mtu anayejaribu kujaza siku nane zilizopita hubuni nusu yake, huchoka, na hapo ndipo daftari linapoachwa kabisa. Andika tarehe ya leo, endelea.

Kuna mambo mazito ambayo hayatoshi kwenye mistari sita: msiba, talaka, kufukuzwa kazi. Mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake Sandra Beall walichapisha mwaka 1986 utafiti ambamo wanafunzi waliandika kuhusu mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Kipimo hicho ni kizuri kukifuata: weka saa, andika bila kusahihisha, dakika zikiisha funga, na baada ya siku ya nne acha. Ujue kwamba mara tu baada ya kuandika, moyo unaweza kuwa mzito kuliko ulivyokuwa. Walioshiriki waliona hivyo pia. Kwa hiyo usilifanye dakika chache kabla ya kulala. Na kama uzito hauondoki baada ya siku hizo, tafuta mtu wa kuongea naye uso kwa uso, awe mhudumu wa afya au mzee unayemwamini.

Ukipenda kubandika vitu, risiti zile za mashine usizibandike. Karatasi yake huandikwa kwa joto, haina wino, na baada ya miezi inapauka ikawa nyeupe tupu. Nakili tarehe na kiasi kwa mkono. Selotepu hugeuka njano na kubanduka. Gundi ya muhogo inashika vizuri, lakini mende wanaila, na wakimaliza gundi wanaendelea na karatasi. Tumia gundi ya dukani, kidogo, pembeni tu.

Kwa kompyuta mambo ni mepesi zaidi, na hatari zake ni nyingine. Andika kwa maandishi matupu, yaani faili la .txt, ambalo karibu kila kompyuta na kila simu italifungua hata baada ya miaka mingi. Tengeneza faili moja kwa kila mwezi na ulipe jina linaloanza na mwaka: 2026-04.txt. Ukianza na jina la mwezi, Aprili itakaa mbele ya Januari, maana kompyuta inapanga kwa alfabeti. Katika Notepad ya Windows, bonyeza F5 na tarehe na saa vinajiandika. Usihofie nafasi: ukiandika herufi 1,500 kila siku, mwaka mzima haufiki megabaiti moja, pungufu ya picha moja ya simu nyingi za leo.

Hifadhi kila baada ya aya kwa Ctrl+S. Kompyuta ya mezani isiyo na betri, umeme ukikatika, inaondoka na kila kitu ambacho hukukihifadhi. Unahitaji pia nakala mbili zaidi, na moja isilale nyumba moja na kompyuta: mwizi na moto havichagui. Flashi ni ya kubebea, isiwe nakala ya pekee. Ukiichomoa ghafla, faili linaweza kuharibika. Kila miezi mitatu fungua nakala zako uone kama zinasomeka.

Kwa siri, LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inakuruhusu kuhifadhi faili lake la .odt, si la .txt, kwa neno la siri. Ukilisahau, hakuna wa kukufungulia, kwa hiyo liandike kwenye karatasi uiweke mbali na kompyuta. Kwenye kompyuta za intaneti kafe usiandike shajara kabisa. Hata ukifuta faili, mara nyingi linabaki kwenye pipa la taka, na jina lake kwenye orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni.

Daftari nalo lina siri zake. Chini ya godoro ndipo kila mtu anapoanza kutafuta, tena pana unyevu. Sanduku la bati lenye kufuli, lile la wanafunzi wa bweni, ni bora zaidi. Liinue kwa matofali mawili na uliache mbali na ukuta, kwa sababu mchwa hupanda kutoka chini na hupenda ukuta wenye unyevu. Misimu ya mvua, ambayo kusini mwa Uganda ni Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, ikipita, toa madaftari uyapunge hewa kivulini, si juani. Majina yaandike kwa herufi moja ikiwa habari inaweza kumuumiza mtu, na namba ya siri ya mobile money isionekane humo hata kwa mafumbo.

Ukifika ukurasa wa 90, nunua daftari la pili. La kwanza likiisha, andika kwenye jalada lake tarehe ya mwanzo na ya mwisho, jaza zile kurasa za yaliyomo, na usiku huohuo fungua jipya, hata kama ni kwa mstari mmoja wa hali ya hewa.