Matunzo ya Watoto Uingereza: Tazama Ni Mshahara wa Mwaka Gani

Ndugu zangu mliotengana na wenzenu hapa Uingereza, barua ya ofisi ya serikali inayoshughulikia matunzo ya watoto ikifika, ifungue siku hiyohiyo. Usikimbilie jumla ya chini. Tafuta mstari wa kipato, uangalie ni cha mwaka gani. Hapo ndipo nilipoumia mimi.

Mwaka ule nilikuwa nyumba ya wazee, usiku na wikendi, zamu yoyote ikitangazwa naichukua, kwa kuwa nilikuwa naezeka nyumba ya mama kule Korogwe. Wastani ukawa pauni 700 kwa wiki kabla ya kodi. Tulipotengana mgongo ulishakataa, nimerudi zamu za kawaida, pauni 560. Ofisi haikuniuliza napata nini. Ilichukua rekodi za mamlaka ya kodi, za mwaka wa karibuni uliokwisha kufungwa, yaani ule wa zamu za usiku. Watoto wawili ni asilimia 16, kwa hiyo pauni 112 kila wiki, wakati kwa mshahara wangu wa sasa isingefika 90.

Nikapiga simu, slipu mkononi. Dada aliyepokea akanieleza kwa upole: kipato chako kimeshuka asilimia 20, na kanuni inataka kibadilike kwa 25 au zaidi ndipo tuhesabu upya. Nilikaa kwenye ngazi nikapiga hesabu mara tatu. 20 ikabaki 20.

Narudia, maana najua mtasoma haraka: ni mshahara kabla ya kodi, si ule unaoingia benki. Ni wa mwaka uliopita, si wa mwezi huu. Na ukishuka kwa pungufu ya asilimia 25, unalipa vilevile hadi mapitio ya mwaka. Ukifika 25, piga simu siku hiyohiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Kitu kinachotolewa kabla ya hesabu ni mchango wako wa pensheni, basi hakikisha umeonekana.

Mengine ni mepesi. Mtoto mmoja ni asilimia 12, watatu na kuendelea 19, kwa kipato cha kati ya pauni 200 na 800 kwa wiki. Kinachozidi hapo kina asilimia zake, ndogo zaidi. Kama watoto na mama yao wako Tanzania, hesabu hii haikuhusu.

Kaka yangu aliposikia akasema, "Kwani huyo mama hafanyi kazi? Waiteni wazee mkae." Kaka, nakuheshimu, lakini mshahara wa mama hauingii kwenye hesabu hii, wala ada ya mpwa ninayotuma nyumbani haipunguzi kitu. Afisa wa ustawi wa jamii kwetu angekutazama usoni akuulize una nini leo. Hapa rekodi ndiyo inayosema.

Hata mapenzi ya baba wanayapima kwa usiku. Watoto wakishinda kwangu mchana kutwa, wakala pilau, wakaoga, haihesabiwi, lazima walale. Kuanzia usiku 52 kwa mwaka unapunguziwa sehemu moja ya saba, ndiyo maana Jumamosi za wanangu zilishusha 112 hadi 96. Ilinichoma kuona hivyo. Lakini nimewaona pia kina mama kwetu wakirudi ustawi wa jamii mwezi baada ya mwezi, baba wa mtoto haonekani. Hapa ukigoma wanakata kwa mwajiri wako. Kwa hilo nawapa haki yao Waingereza.

Mkielewana, lipaneni benki kwa benki. Ofisi ikilazimika kukusanya, wewe unaongezewa asilimia 20, naye mama anakatwa 4, hela ambayo ingenunua viatu vya shule. Na mkononi usitoe hata pauni 5. Mimi natuma kila Ijumaa, na kwenye maelezo naandika "matunzo" na tarehe ya wiki.