Jinsi ya kufundisha hadithi kwa Kiswahili ukianzia kwa wazee wa hapa hapa Dodoma

Walimu wenzangu wa Kiswahili, najua kipindi cha fasihi simulizi tunakifanyaje: unaandika ubaoni maana ya ngano, aina za ngano, watoto wananakili, kengele. Mi nimeacha, sasa nafanya hivi.

Hatua ya 1. Chagua hadithi moja tu, iwe ya hapo mlipo. Mi naanza na jina la Dodoma lenyewe, maana lina hadithi mbili zinazogombana. Moja inasema tembo alienda kunywa maji akazama kwenye tope, watu wakasema kwa Kigogo "idodomya", yaani amezama. Nyingine inasema Wagogo waliwachukua ng'ombe wa Wahehe wakawala wote, wakabakiza mikia, wakaichomeka matopeni, wenye mali walipokuja kudai wakaambiwa jamani ng'ombe wenu hao, wamezama. Watoto wanaipenda hii ya pili kuliko maelezo.

Hatua ya 2. Tafuta mzee au bibi wa kusimulia. Nenda nyumbani kwake mwenyewe, usimtume mtoto, piga hodi, shikamoo, kaa kwanza mpige stori za mvua na uwele ndo useme kilichokuleta. Nenda baada ya mavuno, msimu wa kulima hutampata. Na ukitaka kumrekodi kwa simu omba ruhusa, akikataa basi.

Hatua ya 3, hapa ndo nilichemka mwanzoni. Nilimleta babu mmoja nikamsimamisha mbele ya ubao kama mkaguzi, watoto wamekaa kimya na daftari, babu wa watu akamaliza kwa dakika tano akaniuliza, "Mwalimu, nimefaulu?" Nilitamani ardhi ipasuke. Mara ya pili nikawatoa wote nje chini ya mbuyu, yeye nikampa kigoda, nikawaambia hakuna kuandika kitu, akaanza na "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, watoto wakaitikia kwa kelele, na ile dakika 40 ya kipindi ikaisha tembo hata hajafika mtoni. Kwa hiyo omba vipindi viwili mfululizo.

Hatua ya 4. Rudini darasani, kila kundi liandike hadithi kwa Kiswahili, ila neno la Kigogo likikosa mwenzake liacheni hivyo hivyo. Hapa usiwe na haraka. Kwangu kuna mtoto alisema "mwalimu, idodomya si kama didimia?" afu darasa zima likaanza kuwinda maneno yanayofanana, mi nikakaa pembeni tu. Kama una watoto wa Kirangi au Kisandawe wape nafasi walete ya kwao, Kisandawe kina sauti za kupiga kidoko kwa ulimi ambazo herufi zetu hazitoshi, na hilo nalo ni somo.

Hatua ya 5. Mdahalo: ipi ya kweli, ya tembo au ya mikia? Usitoe jibu. Waulize tu nani anafaidika hadithi ikisimuliwa hivi, Mgogo au Mhehe.

Ya mwisho, mrudishieni mzee mlichoandika, mmoja amsomee. Sisi tuliandika tembo "akafa matopeni", babu akamkatisha msomaji, "Mi sijasema amekufa, nimesema amezama." Tukafuta.