Disposali ya Sinki Imegoma: Isikilize Kabla ya Kuita Fundi

"Fundi, mashine imekufa." Simu nyingi ninazopokea huanza hivyo. Ninafanya matengenezo ya nyumba za kupangisha huku Ohio, na wapangaji wangu wengi ni jamaa zetu wa Kongo, Burundi na Kenya. Disposali, ile mashine ya kusaga mabaki ya chakula chini ya sinki, wameikuta hapa hapa Marekani. Nikifika, mara nyingi haijafa. Imekwama tu, au imejizima yenyewe.

Hatua ya 1: Tega sikio. Washa swichi ya ukutani kwa sekunde moja au mbili, sikiliza, kisha zima. Je, iko kimya kabisa, au inanguruma bila kuzunguka? Kazi yote inayofuata inategemea jibu hilo. Mkono wako usiingie humo ndani hata mara moja, hata kama umeshazima.

Hatua ya 2: Ikiwa kimya. Inama, papasa kitako cha mashine. Utakuta kitufe kidogo, aghalabu chekundu, ambacho huruka chenyewe injini ikizidiwa. Swichi ikiwa imezimwa, subiri dakika 10 hadi 15 injini ipoe, ndipo ukibonyeze. Kikikataa kubaki ndani, bado ina joto, subiri tena.

Kama kitufe hakikuwa kimeruka, chunguza umeme. Chomeka kichaji cha simu kwenye soketi ya mashine. Kumbuka soketi hiyo mara nyingi inaongozwa na swichi ya ukutani, kwa hiyo iwashe kwanza, usije ukailaumu soketi bure. Halafu tazama breka, yaani swichi ya usalama kwenye boksi la umeme la nyumba.

Hatua ya 3: Ikiwa inanguruma. Hapa umeme upo, ila kuna kitu kimeibana. Watu hudhani ndani mna visu kama vya blenda. Hamna. Kuna sahani inayozunguka, juu yake vinyundo viwili vinavyosukuma mabaki kwenye pete yenye meno iliyo kwenye ukuta wa ndani wa mashine. Kizibo cha soda au mfupa wa mbuzi ukijipenyeza kati ya kinyundo na pete, kila kitu kinasimama. Usiiache ingurume ukitumaini itajikwamua, unaunguza injini.

Zima na uchomoe plagi. Kama haina plagi, zima breka. Sasa tafuta tundu la pembe sita katikati ya kitako. Chukua alenkii, ule ufunguo uliopinda wenye pembe sita, ya robo inchi (mashine nyingi huja nayo, na wengi huitupa pamoja na boksi), ingiza, zungusha kulia, kisha kushoto, kulia tena. Mwanzoni itakaza. Usitumie hasira, ichezeshe tu mpaka izunguke duara zima bila kukwama. Aina isiyo na tundu hilo, ingiza mpini wa ufagio kutoka juu na usukume kinyundo kimoja pembeni.

Mulika kwa tochi, toa kilichokwama kwa koleo refu. Mwezi uliopita nilitoa kijiko cha chai kilichokunjwa kama ndoana, na mtoto wa watu alikuwa ameshagombezwa kwa kukipoteza. Ukimaliza, rudisha plagi, bonyeza kile kitufe, fungulia maji baridi, washa.

Hatua ya 4: Inazunguka lakini maji hayashuki. Tatizo liko kwenye bomba. Usimimine dawa kali ya kuzibulia. Ikishindwa kupita, itabaki humo ikikungoja wewe unayefungua. Weka ndoo, legeza kwa mkono nati za lile bomba lililopinda kama herufi U, safisha. Mimi hukuta wali, ugali na nyuzi za maganda ya ndizi. Hivyo ni vya pipa la taka. Mafuta pia: ukiyasindikiza na maji ya moto yanayeyuka, kisha yanaganda mbele kwenye bomba. Ndiyo maana tunasaga kwa maji baridi.

Hatua ya 5: Inavuja. Maji yakitoka juu, inapokutana na sinki, kukaza upya na kubadilisha pati (ule udongo laini wa mafundi wa kuzibia maji) kunatosha. Yakitoka kwenye kitako, sili ya ndani, ile inayozuia maji yasipenye, imekwisha, na mashine hiyo ni ya kubadilishwa. Ukiwa mpangaji, usikimbilie dukani. Chomoa plagi, piga picha, mtumie mwenye nyumba kwa maandishi, na usubiri jibu kabla hujatoa hata senti yako.