Mkunazi wa porini: kuutafuta, kuatika kokwa na kupandikiza jicho

Kunazi hazifanani. Mti mmoja huzaa zilizonona, tamu zenye uchachu kidogo, na wa jirani yake huzaa kokwa tupu zilizovikwa ngozi. Mikunazi huchavushana ovyo, kwa hiyo kokwa ya kunazi tamu haikuhakikishii mti wa kunazi tamu. Basi chukua mizizi kwenye mche wowote wenye nguvu, na tunda ulichukue kwa jicho, yaani chipukizi dogo linalokaa penye kikonyo cha jani, la mti uliouchagua mwenyewe.

Kuutafuta. Muulize anayeosha maiti mtaani kwenu. Majani ya mkunazi hutiwa kwenye maji ya kuoshea maiti, na wenye kazi hiyo wanajua mikunazi ilipo, hata ile iliyojificha nyuma ya kuta. Nje ya kisiwa cha Mombasa, elekea vichaka vya upande wa Mazeras na Mariakani. Mti huu unastahimili ukame. Jani lake linang'aa juu, chini lina manyoya meupe, na mishipa mitatu hutoka pale kikonyo kinapoanzia. Geuza jani moja tu utaujua. Angalia na miiba: mara nyingi huwa miwili miwili, mmoja umenyooka, mwengine umepinda, na huo uliopinda ndio unaorarua nguo.

Onja tunda likiwa la manjano linaloelekea wekundu. Onja kutoka matawi mbalimbali, na ulipasue kwanza, maana nzi wa matunda huacha funza ndani. Ukiridhika, omba ruhusa kwa mwenyewe, kisha funga kitambaa tawini. Hapa usiwe na haraka, kwa sababu mti utakaouchagua utaula miaka mingi.

Kuatika. Osha kokwa mpaka nyama yote itoke. Koroga takriban gramu 170 za chumvi katika lita moja ya maji, uzitumbukize. Zinazoelea zitupe, zinazozama zisuuze vizuri. Kokwa ina ganda gumu, na ndani mara nyingi mna mbegu mbili. Ilaze juu ya jiwe, igonge kwa nyundo taratibu hadi ganda lipasuke bila kuponda mbegu. Mbegu iliyotolewa gandani huota kwa wiki moja hivi, ilhali kokwa nzima huchukua wiki tatu au nne.

Tumia mfuko mrefu, wa sentimita 25 au zaidi, wenye udongo, mchanga na samadi iliyooza. Mkunazi huteremsha mzizi mkuu upesi sana, na mzizi huo ukikatika wakati wa kuhamisha, mche hudumaa au hufa. Kwa sababu hiyo sipendi kung'oa miche inayoota yenyewe chini ya mti.

Kupandikiza jicho. Ukiatika Januari, miche itafikia unene wa penseli masika yakiwa yameingia, na wakati huo gome hubanduka kwa urahisi. Kata kitawi cha mwaka huu kwenye mti wako, ondoa majani lakini uache vikonyo, ukifunge kwa kitambaa kibichi na ukitumie siku hiyo hiyo.

Kwenye mche, sentimita 15 kutoka ardhini, chora herufi T kwa wembe mpya, ukikata gome tu. Bandua jicho pamoja na kipande cha gome cha sentimita mbili na nusu, ukishike kwa kikonyo bila kugusa upande wa ndani. Lisukumie ndani ya T kutoka juu, kisha zungushia ukanda wa nailoni, jicho lenyewe likibaki wazi.

Baada ya wiki mbili au tatu, gusa kikonyo. Kikianguka chenyewe, jicho limeshika. Kikiwa kimekauka na kung'ang'ania, rudia upande wa pili wa mche. Likishika, fungua nailoni na ukate mche juu kidogo ya jicho. Machipukizi yote yanayotoka chini yake yang'oe kila wiki, la sivyo yatalishinda jicho na utabaki na ule mkunazi wa bahati nasibu.

Kupanda. Chimba shimo penye jua kutwa, mbali na njia ya watoto kwa ajili ya miiba. Mwagilia mpaka mche ushike. Kunazi huzaliwa kwenye matawi mapya, kwa hiyo kila mwaka baada ya kuvuna punguza matawi bila huruma, na yaliyokatwa yarundike mahali pamoja kabla hayajakauka.