Somo: Kujenga madarasa kwa fosi akaunti, kuanzia BOQ hadi makabidhiano

Shilingi milioni 40 za vyumba viwili zikishaingia kwenye akaunti ya shule, mkuu wa shule ndiye mkandarasi, apende asipende. Madarasa 15,000 ya fedha za UVIKO-19 yaliyojengwa Tanzania kuanzia mwishoni mwa 2021, na mengine 8,000 mwaka uliofuata, yalipangiwa milioni 20 kwa kila chumba, na shule nyingi ziliyajenga kwa utaratibu huu wa fosi akaunti: shule inanunua vifaa yenyewe, fundi analipwa ufundi tu, na mhandisi wa halmashauri anasimamia.

Unafuu wake una sababu. Bei ya mkandarasi ina VAT ya asilimia 18 juu ya kazi nzima, faida yake, gharama za ofisi, bima, dhamana, na kiasi alichojiwekea endapo saruji itapanda au mvua itasimamisha kazi. Ukimwondoa, sehemu kubwa ya gharama hizo inaondoka (VAT ya vifaa bado unailipa dukani), lakini saruji bado inaweza kupanda na mvua bado itanyesha. Hasara hiyo sasa ni ya shule. Ndiyo maana shule mbili zenye ramani moja na fedha sawa zinaweza kumaliza tofauti: moja ina chenji ya kununulia madawati, nyingine imeishia kwenye lenta, yaani mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Hatua ya 1: Hakikisha kazi inafaa kwa njia hii

Kanuni za Ununuzi wa Umma za 2013 ziliruhusu fosi akaunti pale ambapo kazi ni ndogo, zimetawanyika au ziko mbali kiasi kwamba makandarasi hawatazitaka kwa bei ya maana. Au kazi ni ya dharura. Au haitakiwi kuvuruga shughuli zinazoendelea. Au taasisi ina wataalamu wa kuifanya na kuisimamia. Sheria imebadilika (Sheria Na. 10 ya 2023 ilianza kutumika 2024), lakini vigezo hivyo bado ni kipimo kizuri. Hicho cha wataalamu ndicho kinachorukwa sana. Mhandisi mmoja mwenye saiti 30 na gari moja hasimamii, anapita tu.

Darasa la chini, ofisi ya walimu, matundu ya vyoo: sawa. Ghorofa, ukumbi wenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) ndefu, au jengo kwenye udongo wa mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi: tafuta mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Njia ya kumpa mtu mmoja asanifu na ajenge ina faida zaidi pale ambapo hakuna ramani. Kwa darasa la kawaida, ramani ya TAMISEMI ipo tayari.

Hatua ya 2: Kamati tatu, watu tofauti

Kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi. Wajumbe watoke kwa walimu, kamati au bodi ya shule, na wananchi. Jambo moja halina mjadala: aliyenunua asipokee. Barua za uteuzi ziandikwe kabla ya senti ya kwanza kutoka, kwa sababu mkaguzi huanza kwa kulinganisha tarehe.

Hatua ya 3: Ipige hesabu BOQ upya

BOQ (orodha ya kazi na vifaa, kwa vipimo na bei) ya halmashauri mara nyingi ni moja kwa shule zote. Ya kwenye tambarare na ya kwenye mteremko zinapewa mawe sawasawa. Kaa na mhandisi mpitie vipimo vya eneo lenu.

Tuchukue chumba cha mita 9 kwa 7 kwa ndani. Jamvi (zege la chini ya sakafu) la sentimita 10 ni 9 × 7 × 0.1, yaani kubiki (mita za ujazo) 6.3. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko 6.4 ya kilo 50 kwa kubiki, kwa hiyo jamvi linataka mifuko 40, mchanga kubiki 2.8 na kokoto kubiki 5.7. Sasa angalia: kifusi kisiposhindiliwa na kusawazishwa vizuri, jamvi linafika sentimita 13 bila mtu kugundua. Sentimita hizo 3 ni kubiki 1.9, mifuko 12 iliyozikwa chini ya kila chumba. Hapo hakuna aliyeiba, ila stoo itaonyesha upungufu.

Vipimo vingine vya kushika kichwani:
- Ukuta wa tofali za inchi 6 × 9 × 18 zilizosimama: tofali 10 kwa mita ya mraba, zikiwemo zitakazovunjika.
- Lipu ya milimita 15 kwa 1:4: mfuko mmoja hupiga kama mita 9 za mraba. Kumbuka ukuta una pande mbili.
- Ukuta uliopinda hula lipu. Mahali penye milimita 30, saruji imekwenda mara mbili.

Kisha tazama visivyoandikwa: maji ya kumwagilia, usafiri wa mchanga, mbao za kufungia zege, mlinzi. Kwenye shule isiyo na bomba, maji pekee yanaweza kuvuruga bajeti.

Hatua ya 4: Fundi na mkataba wake

Tangazeni kazi na muone kazi mbili alizomaliza, si anazoendelea nazo. Mkataba utaje ufundi tu, muda, idadi ya mafundi saiti, na malipo kwa hatua. Mgawanyo unaoshikika:

Msingi hadi jamvi, asilimia 25. Kuta hadi lenta na kozi za juu, 20. Kenchi na bati, 20. Lipu, dari na sakafu, 15. Milango, madirisha na rangi, 10. Asilimia 10 inabaki hadi kipindi cha matazamio, yaani muda wa kusubiri kasoro zionekane, kiishe.

Usitoe malipo ya awali kwa mkataba wa ufundi, kwa kuwa fundi hanunui vifaa. Akiomba chakula cha vibarua, gawanya hatua ya msingi vipande viwili: uchimbaji na ujengaji. Fundi aliyelipwa nusu kabla ya jamvi huwa na saiti nyingine wiki ya tatu.

Hatua ya 5: Manunuzi na mapokezi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea.

Ununuzi hupita kwenye NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo maelezo ya kifaa ndiyo silaha yenu. Ukiandika "nondo mm 12" utaletewa chochote kinachokaribia. Andika: nondo ya mikunjo, mm 12, urefu mita 12, uzito usiopungua kilo 10.6 kwa moja. Kamati ya mapokezi iwe na mizani. Nondo ya mm 12 inapaswa kuwa na kilo 0.888 kwa mita, ya mm 10 kilo 0.617, ya mm 16 kilo 1.58. Nondo inayouzwa kwa jina la mm 12 ikipima kilo 8.2 ni ya mm 10.5: chuma kimepungua karibu robo, na bei imebaki ileile.

Mchanga na kokoto zisipokelewe kwa tripu. Pima bodi ya lori kwa ndani: mita 3.6 × 2.0 × 0.7 ni kubiki 5. Mzigo uliojaa katikati na kushuka pembeni unaweza kuwa kubiki 4. Sawazisha kwanza, pima, ndipo usaini.

Bati: namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Wapo wajumbe walioletewa 30 wakadhani wamepata bora. Mbao zilizotiwa dawa zikate kichwani: dawa iwe imeingia ndani, isiwe rangi ya juu tu.

Kila kinachoingia kina hati ya uwasilishaji, risiti ya EFD na saini za kamati ya mapokezi. Kila kinachotoka kinaandikwa kwenye leja ya stoo pamoja na mahali kilipotumika. "Saruji mifuko 20, fundi" haisaidii. "Saruji mifuko 20, jamvi chumba cha pili" inaweza kulinganishwa na hesabu ya hatua ya 3.

Hatua ya 6: Sehemu tano ambazo kazi isiendelee bila mhandisi kusaini

Msingi uliochimbwa, kabla ya zege. Kifusi kilichoshindiliwa, kabla ya jamvi. Nondo za lenta zilizofungwa, kabla ya kumwaga. Kenchi, kabla ya bati. Kuta, kabla ya lipu.

Upimaji wa kona uhakikiwe kwa ulalo: chumba cha 9 kwa 7 lazima kamba zote mbili za kona hadi kona zisome mita 11.40. Kifusi kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likimwagiwa maji. Ukijaza sentimita 60 kwa mkupuo na kupiga juu tu, sakafu itatitia ndani ya mwaka na nyufa zitafuata ukuta.

Kenchi zifungwe kwenye lenta kwa nondo au mikanda ya chuma iliyoachwa wakati wa kumwaga zege. Misumari peke yake haizuii upepo. Paa nyingi za shule zinazoezuliwa huondoka na mbao zake, maana yake kiungo kilichoshindwa ni kile cha kenchi na ukuta.

Zege na tofali vimwagiliwe siku 7 mfululizo. Mbao za chini ya lenta zisitolewe kabla ya siku 14.

Hatua ya 7: Malipo na kufunga hesabu

Hati ya malipo iambatane na cheti cha hatua kilichosainiwa na mhandisi, mkataba, na muhtasari wa kikao. Kodi ya zuio ikatwe: asilimia 2 kwa vifaa, 5 kwa huduma, na mhasibu wa halmashauri athibitishe viwango vya mwaka husika. Mabaki ya vifaa yahesabiwe na kuandikwa.

Maswali ya wajumbe

*Fundi wetu anasema mfuko mmoja unatoa tofali 35 za inchi 6. Mhandisi amekataa. Nani yuko sahihi?*

Mhandisi. Tofali moja la inchi 6 × 9 × 18 lina ujazo wa kama lita 16. Tofali 35 ni lita 560 za mchanganyiko ulioshindiliwa, na mfuko wa kilo 50 ni lita 35 tu. Huo ni mchanganyiko hafifu kuliko 1:16. Kwa 1:8, tarajia tofali 15 hivi. Jaribu hili: achia tofali la siku 14 kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Likigeuka unga, rudisheni fungu lote la tofali. Si kipimo cha maabara, lakini linalofeli hapo halina haja ya maabara.

*Mzabuni aliyeshinda kwenye NeST yuko mkoani, shule iko kilomita 90 ndani. Saruji imechelewa wiki tatu, fundi anataka kuondoka. Tufanyeje?*

Safari ijayo maelezo yaseme bei ni mpaka saiti, kwa mafungu, na tarehe ya kila fungu. Kwa sasa mwandikieni mzabuni barua ya kumpa siku maalumu, nakala kwa kitengo cha manunuzi cha halmashauri, ili mpate njia ya kuvunja na kumchukua anayefuata. Msikope saruji dukani kwa ahadi ya kulipa baadaye: hiyo itaonekana kama ununuzi bila utaratibu hata kama kila mfuko uliingia kwenye ukuta. Fundi apewe kazi isiyohitaji saruji, kama kukunja nondo za lenta na kuandaa kenchi.

*Wananchi walichimba msingi na kusomba mawe bure. Tunaiweka wapi hiyo?*

Ithaminisheni na muiandike kama mchango wa jamii, pamoja na mahudhurio. Halafu hakikisheni uchimbaji umeondolewa kwenye mkataba wa fundi. Mara nyingi mwananchi anachimba na fundi analipwa kwa kuchimba.

*Mkuu wa shule anaweza kuwa mwenyekiti wa kamati ya manunuzi? Tuko walimu wanne tu.*

Hapana. Yeye ndiye anayeidhinisha malipo. Shule yenye walimu wachache iongeze wajumbe kutoka serikali ya kijiji au shule jirani. Bora kamati ya wageni kuliko mtu mmoja kusaini karatasi tatu.

*Bei ya saruji imepanda baada ya BOQ kupitishwa na fedha hazitoshi. Tupunguze nini?*

Msipunguze saruji, nondo wala kufunga kenchi. Mpeleke hesabu kwa mhandisi mkiwa kwenye kuta, msisubiri mfike kwenye lipu. Vinavyoweza kusubiri kwa idhini yake ni dari, rangi ya nje, na lipu ya nje iwapo kuta zina mapaa marefu ya kuzuia mvua. Idhini iwe ya maandishi, na iseme nani atamalizia na kwa fedha ipi.

*Fundi amemaliza, anadai ile asilimia 10 yote sasa. Anasema nyufa si kosa lake, vifaa ni vyetu.*

Mkataba ndio unaoamua. Kama una kipindi cha matazamio cha miezi 6, alipwe kikiisha. Kuhusu nyufa, tazameni umbo lake. Nyufa za utando juu ya lipu ni kazi yake: mchanganyiko ulikauka haraka au hakumwagilia. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha au unaofuata viungo vya tofali mpaka chini ni wa msingi au kifusi, na hapo cheti cha hatua kitaonyesha nani alisaini kabla ya jamvi.