Namna ya kupekua mgogoro wa mpaka uliochorwa na wakoloni

Watu wengi huanza na ramani kwa sababu ndiyo inayopatikana haraka, kisha hutumia wiki nzima kutetea mstari ambao mchoraji aliuweka kwa kukisia. Anza na maandishi ya mkataba. Yafuatishe marekebisho yake, kisha matendo ya serikali zenyewe. Ramani ije baadaye, na alama za ardhini mwisho. Mfano wetu ni Ziwa Nyasa, kwa sababu Tanzania na Malawi kila moja ina hoja ya kusikilizwa.

Mkataba wenyewe ni wa Uingereza na Ujerumani, uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890. Usome wote, si ile sentensi moja inayonukuliwa magazetini. Kifungu cha 1 kinasema mstari ukishafika ziwani unaelekea kaskazini na kufuata fukwe za mashariki, kaskazini na magharibi, hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa Mto Songwe. Malawi inasimama hapo: mpaka uko ufukweni, basi maji ni yake. Wengi huishia hapo na kufunga kitabu. Endelea hadi kifungu cha 6, kinachoruhusu mistari hiyo irekebishwe kwa makubaliano ya pande mbili kulingana na hali ya mahali. Sasa una jambo mahususi la kutafuta: je, makubaliano ya namna hiyo yalifanyika kuhusu ziwa?

Kabla ya kujibu, jua marekebisho halisi yanavyoonekana. Mwaka 1901 Berlin na London ziliurekebisha kwa maandishi mstari wa nchi kavu kati ya maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilitia saini mkataba uliouhamisha mpaka wa Msumbiji kutoka ufukweni hadi katikati ya ziwa, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki Nyasaland (Malawi ya leo). Kuna karatasi, kuna saini, kuna tarehe. Ukikosa karatasi kama hiyo kwa upande wa Tanganyika, hoja ya Tanzania, kwamba mpaka uko katikati ya ziwa, italazimika kutegemea ushahidi wa aina nyingine, na mzigo wake ni mzito zaidi. (Ukikutana na kile kisa cha Malkia Victoria kumzawadia Kaiser, mfalme wa Ujerumani, mlima Kilimanjaro, kitupe. Makubaliano ya 1886 yalishaupitisha mstari kaskazini mwa mlima, na yalikuwa biashara ya kawaida ya wanadiplomasia.)

Pili, weka tarehe ya kukatia. Azimio la wakuu wa nchi za OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika), Kairo, Julai 1964, liliahidi kuheshimu mipaka iliyokuwepo wakati wa uhuru. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Malawi tarehe 6 Julai 1964. Ushahidi wa baada ya hapo unaweza kufafanua hali ya awali, lakini peke yake hausogezi mstari. Hapa ndipo picha za wavuvi zinapojazwa kwenye faili bila faida. Katika kesi ya kisiwa cha Kasikili, kati ya Botswana na Namibia, watu wa Caprivi, upande wa Namibia, walikuwa wamekitumia kisiwa hicho kwa muda mrefu. Mwaka 1999 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema hawakufanya hivyo kwa niaba ya serikali, na kisiwa kikaenda Botswana.

Matendo ya serikali yapange kwenye jedwali la safu tano: tarehe, nani, cheo chake, alisema au alifanya nini, upande wa pili ulijibu nini. Safu ya tano ndiyo huachwa tupu, nayo ndiyo huamua kesi. Kwenye hekalu la Preah Vihear, mpakani mwa Siam (Thailand ya leo) na Kambodia iliyokuwa chini ya Wafaransa, mkataba wa 1904 ulitaja mgawanyo wa maji, yaani mgongo wa milima unaotenganisha maji yanayotiririka pande mbili, lakini ramani ya Wafaransa ililiweka hekalu upande wa Kambodia. Siam haikupinga, mwanamfalme Damrong alishukuru kwa ramani hizo na kuomba nakala 15 zaidi. Mwaka 1962 Thailand ilishindwa kwa ukimya huo.

Kwa Nyasa, jedwali lako litakuwa na taarifa za Waingereza kwa Shirikisho la Mataifa baada ya vita vya kwanza, baadhi zikitaja katikati ya ziwa. Ziandike, ila uweke alama ya tahadhari: Uingereza ilitawala pande zote mbili, hivyo hapakuwa na mwenzake wa kukubali wala kupinga. Andika pia kauli za serikali ya Tanganyika bungeni mwanzoni mwa miaka ya 1960 zilizokubali mpaka wa ufukweni, na barua ya Januari 1967 iliyodai mstari wa kati. Usifiche zinazokuumiza, upande wa pili unazo.

Ramani sasa. Katika kesi ya Burkina Faso na Mali, mwaka 1986, mahakama ilisema ramani pekee haizai haki ya ardhi, isipokuwa iwe sehemu ya mkataba. Kagua pia unene wa mstari: wino wa nusu milimita kwenye 1:1,000,000 unafunika mita 500, kwenye 1:50,000 mita 25.

Ukifika ardhini, uliza ufukwe wa mwaka gani. Kina cha Nyasa hupanda na kushuka kwa mita kadhaa, na Songwe huhama njia yake hadi mashamba yakabaki ng'ambo. Ukitumia GPS, angalia mfumo wa rejea: ramani za zamani za Kenya, Uganda na Tanzania zina Arc 1960, simu yako ina WGS 84, na tofauti yake hufika takriban mita 300. Badilisha viwianishi kwa programu ya ramani kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba bikoni, yaani nguzo ya mpaka, imehamishwa.